Kugonga Mara Mbili

Mtu anayetembea mwisho kwenye mstari huona migongo tu. Dada alikuwa ameiona ya kila aina: mipana, iliyopinda, yenye shanta mpya ambazo bado zinaning'iniza karatasi ya bei. Kicheko hakuwahi kukiona usoni. Aliona mabega yakitikisika, moja baada ya jingine, kuanzia mbele kuja nyuma, akajua kwamba mdogo wake amesema jambo, na kwamba likifika kwake litakuwa limekwisha.

Mdogo wake aliitwa Kipusa. Jina la cheti lilikuwepo, lakini baba yao alimwita Kipusa siku ile ile aliyozaliwa, na dunia nzima ikakubali bila kuuliza swali. Mkubwa hakupewa jina la kubembelezwa. Alikuwa Dada tu, na hata wateja waliomzidi umri walimwita hivyo. Lakini msomaji asimhurumie haraka. Dada alikuwa na wivu, tena si ule mwepesi wa kutamani kiatu cha mwenzio. Wivu wake alikaa nao mezani na kuamka nao. Alikuwa anaweza kumtazama mdogo wake akipiga mswaki, akaona kwamba hata kupiga mswaki anapendeza, na siku ikaharibika kabla ya chai.

Kazi yao ilikuwa ya majira ya baridi. Wakati wa joto kila mtu aliweza kuzunguka milima ile peke yake, maana njia zilikuwa zimechongwa na vibao vipo. Theluji ikishaanguka, njia hupotea, na hapo ndipo familia hii ilipopata riziki yake. Waliwachukua watu wa mjini wakawapitisha pasipo na njia: ndani ya makorongo, chini ya magenge, kwenye mapango ambamo maji yanayodondoka huganda yakawa nguzo nyeupe, na popo hulala wakining'inia hadi baridi ipite.

Wa mbele alichagua pa kukanyaga, akasimulia hadithi, akapigwa picha. Wa nyuma alibeba kamba na dawa, akahesabu watu, akafuta nyayo. Hilo la kufuta nyayo lilikuwa la Baba. Hakutaka wapita njia wafuate alama hadi kwenye pango la popo, kwa sababu popo akiamshwa katikati ya baridi hutumia mafuta yake yote ya mwilini na kufa kabla hakujapata joto. Basi Dada alitembea akiburuta tawi la msonobari nyuma yake, akisawazisha theluji. Pale Kipusa alipotoka kando ya mstari kuwaonyesha wageni kitu, akaacha nyayo zake peke yake, ndogo, zilizonyooka, Dada alizifuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Na kulikuwa na sheria moja juu ya zote, nayo ni ya kugonga. Kwenye magenge yale hakuna kupiga kelele. Juu ya vichwa huning'inia theluji iliyojikunja ukingoni na vipande virefu vya barafu, na sauti kubwa yaweza kuviangusha. Wala wa mbele haruhusiwi kugeuka nyuma, maana akigeuka yeye wote watageuka, na ukingo wenyewe una upana wa benchi. Kwa hiyo, kila wanapopita mahali pembamba, wa mbele husimama na kungoja. Wa mwisho akishapita, na akishahakikisha kwamba hakuna aliyebaki, hugonga mwamba mara mbili kwa fimbo yake ya chuma. Wa mbele akisikia, huendelea. Asiposikia, husimama hapo hata kama ni hadi jua lizame. Baba aliwahi kumfukuza kazi ndugu yake wa tumbo moja kwa kuondoka bila kugongewa, ingawa siku hiyo hakuna aliyeumia. Tangu hapo wale wawili husalimiana misibani tu.

Asubuhi ya siku hii Baba alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni, miguu juu ya kigoda. Magoti yake yalikuwa yamekataa kupanda mlima miaka mingi iliyopita. Aliwatazama binti zake wakikunja kamba.

"Sikilizeni," alisema. "Nimechoka kuulizwa kila siku nani aende wapi. Jioni mkirudi nitasema nani ni wa mbele na nani ni wa nyuma, na likishatoka limetoka. Sitaki kulizungumza tena hadi mnizike."

"Baba, hata chai hujanywa, unazungumzia kuzikwa," Kipusa alisema.

Baba akacheka. Dada aliendelea kukunja kamba. Alipokuwa mtoto, kabla Kipusa hajajua kutembea, Baba alimbeba mabegani hadi mdomoni mwa pango akamwambia, "Wewe ndiye utakayetangulia mimi nikichoka." Halafu Kipusa akajifunza kuzungumza. Baba alipochoka, akatangulia Kipusa. Dada alipouliza, aliambiwa kwamba nyuma panahitaji mtu wa kuaminika, na hilo la kuaminika alilimung'unya mwaka baada ya mwaka kama peremende, hadi likaisha utamu akabaki na kijiti.

Leo aliitaka nafasi ile hata akakunja kamba ileile mara mbili. Aliitaka kuliko mume, kuliko nyumba, na mambo hayo yote mawili alikuwa ameyakosa kwa utulivu kabisa.

Wageni walifika wakipuliza mikono. Alikuwepo mhasibu mmoja mnene, mpole, aliyenunua vifaa vyote vilivyokuwa dukani na hakujua kuvifunga. Dada alipiga magoti akamfungia njumu za barafu chini ya buti, huku yeye akiomba radhi kana kwamba miguu ilikuwa ya kuazima. Walikuwepo mume na mke waliogombania glovu tangu walipoteremka garini. Na alikuwepo mwandishi wa jarida la safari, mama mrefu mwenye kalamu iliyofungwa kamba shingoni, aliyekuja kuandika habari za mwanamke anayeongoza watu magengeni.

"Na wewe ndiye msaidizi wake?" Mwandishi alimuuliza Dada.

"Mimi ni dada yake."

"Huyu ndiye bosi," Kipusa akadakia. "Mimi nikisimama, yeye ananisukuma kwa nyuma."

Wote wakacheka. Dada naye akacheka, lakini kwa meno tu. Lililomuuma zaidi ni kwamba Kipusa hakuwa na ubaya. Angekuwa na kiburi, ingekuwa nafuu; mtu mwenye kiburi unamchukia, ukala, ukalala. Kipusa alikuwa mwema hadi anakera.

Waliacha barabara nyuma ya karakana ya mbao wakaingia msituni. Theluji ilifika magotini, na kila mtu alikanyaga alipokanyaga aliyemtangulia. Kipusa alikuwa mbele kabisa, Mwandishi nyuma yake karibu kumgusa, kisha Mke, kisha Mume, kisha Mhasibu anayehema, kisha Dada na tawi lake. Huko mbele hadithi zilianza. Mabega yakatikisika.

Mahali pembamba pa kwanza palikuwa ufa kati ya majabali mawili, na upande wa pili wa ufa upepo hukata masikio. Kipusa alipita, akasimama akawapa mgongo. Wageni wakapita. Mhasibu akakwama kidogo, akavuta tumbo, akapita. Dada akapita, akahesabu, akaona wametimia. Akanyanyua fimbo, na hakugonga.

Halikuwa jambo geni. Alilianza msimu uliopita, siku moja tu, kisha siku nyingine. Hakuna sheria inayosema ugonge upesi. Alisimama pale akimtazama mdogo wake kwa mbali, amesimama kwenye upepo, hadithi imemkatikia mdomoni, hawezi kugeuka wala kuuliza. Kwa muda ule mfupi hakuna aliyesogea hadi Dada apende. Ilikuwa tamu, na ilimwaibisha, na hakuiacha. Mhasibu alipomgeukia kwa macho ya kuuliza, ndipo alipogonga. Tok, tok. Mstari ukaondoka.

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Dada hakukonda, ila aliushiriki.

Walipofika pangoni, jua lilikuwa juu. Ndani kulikuwa kimya na baridi ya namna nyingine, isiyo na upepo. Nguzo za barafu zilikuwa zimesimama sakafuni, nyingine zimemzidi mtu kimo, na taa za vichwani zilipozigusa ziling'aa kwa ndani. Juu, kwenye dari, popo walikuwa wamejifunika mbawa, na manyoya yao yalikuwa na vitone vya maji vilivyometameta. Kipusa alinong'ona habari zao, na kila mtu akainama kumsikia. Hata Mume na Mke walisahau glovu.

Kutoka pangoni upande wa pili kuna tundu moja wanaloliita Koo. Unalala kifudifudi, unajivuta kwa viwiko, na ukitokeza upo kwenye ukingo juu ya korongo. Kazi ya wa nyuma ni kukaa mdomoni mwa Koo, kumgusa kila mtu buti anapoingia, na kuingia yeye akiwa wa mwisho. Kipusa akajitosa. Akafuata Mwandishi. Mke akaingia, Dada akagusa buti. Mume akaingia, Dada akagusa buti. Ndipo sauti zikaanza kurudi kupitia tundu, maana Koo hupeleka sauti vizuri, hata ya kunong'ona.

"Niambie ukweli," Mwandishi alikuwa akisema upande wa pili. "Ukiwa mbele hivi, bila njia, bila alama, huogopi?"

"Siogopi," Kipusa alijibu. "Naogopa nikiwa jikoni."

Kicheko cha chini chini. Kisha Mwandishi akasema, polepole kama mtu anayeandika, "Nimetembea na viongozi wengi, wanaume kwa wanawake. Sijaona aliyezaliwa kwa kazi hii kama wewe. Umesema baba yako anaamua jioni. Akikupa nafasi hii, nitaandika kwamba aliyekupa ni mlima wenyewe, baba alikubali tu."

Dada akainama kwenye tundu. Alitaka kusikia Kipusa atajibu nini, na jibu lilikuwa la chini, halikufika vizuri. Akaingiza kichwa ndani ya Koo. Akajivuta kidogo. Akajivuta tena. Akawa ameshaingia mwili mzima, akitambaa kuifuata sauti, na alipotokeza ukingoni alichosikia ni mwisho tu: "...lakini nyuma ndiko kugumu, mama. Mimi singeweza." Yaani hata kumsifu alimsifu kwa namna iliyomrudisha nyuma. Akanyanyua fimbo akagonga mwamba mara mbili, kwa hasira, na mstari ukaondoka, naye akaufuata macho chini.

Mhasibu hakuwemo.

Maskini alikuwa ameenda nyuma ya nguzo kubwa ya barafu kujisaidia haja ndogo. Alikuwa mtu wa haya, akangoja wote wampe mgongo, na vifaa vyake vilikuwa na zipu nyingi. Aliporudi kulikuwa giza na kimya.

Waligundua walipofika kwenye kitako cha jabali, mahali wanapokunywa chai. Kipusa alimimina kutoka chupani, akagawa vikombe, na kikombe kimoja kikabaki mkononi mwake kikitoa mvuke. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akamtazama dada yake, na Dada akajua kwamba ameelewa palepale, kabla ya neno lolote.

"Kaeni hapa," Kipusa aliwaambia wageni kwa sauti ileile ya hadithi. "Kuna mwenzetu anapiga picha sana. Dada anamfuata."

Dada alirudi mbio ukingoni, jambo ambalo hakuna mwenye akili anayelifanya. Aliomba njia nzima. Aliomba mtu yule asiwe amejaribu tundu jingine, kwa sababu yapo matundu mle yanayoshuka na hayapandi. Alijiona amewaua wote wawili, Mhasibu na nafasi yake ya mbele, na aibu ni kwamba hakujua ni kifo kipi alichokililia zaidi. Alipojitosa ndani ya Koo alisikia sauti ya mwanamume, ndogo, ya kutetemeka, ikihesabu jedwali la kuzidisha la kumi na saba.

Alikuwa amekaa sakafuni gizani. Taa yake ilikuwa imezimika kwa baridi. Alikuwa amejaribu kutafuta njia kwa kupapasa, akateleza, kifundo cha mguu kikavimba. Baada ya hapo alikuwa na busara ya kukaa.

"Nilijua mtarudi," alisema Mhasibu. Kisha, mwanga wa Dada ulipomfika usoni, upole wote ukamtoka. "Nani kaniacha humu? Nataka kumjua mtu huyo."

"Tutoke kwanza, baba," Dada alisema. Akamtoa. Kurudi kulikuwa kwa taratibu, Mhasibu akiwa amefungwa kamba kati ya wale ndugu wawili, na safari hiyo hakukuwa na hadithi.

Nyumbani Baba aliona mguu unaoburutwa kabla hajaona nyuso. Aliwasikiliza wageni hadi mwisho. Dada alifungua buti ya Mhasibu, akaufunga mguu wake bandeji, akauweka juu ya kigoda, na alifanya hivyo vyote bila kuinua macho, akingoja kuulizwa.

"Kuna mtu alikuwa bado ndani, na mstari ukaondoka," Baba alisema. "Uliondokaje?"

"Mimi," Kipusa alisema. "Sikungoja kugongewa. Niliona upepo unaongezeka, nikaondoka. Dada alikuwa bado ndani ya Koo, akadhani tumeshatimia, akatufuata. Kosa ni langu."

Dada alibaki amepiga magoti, buti mkononi.

Kipusa akamgeukia Mhasibu. "Nimekuacha gizani, mzee wangu. Sina la kujitetea. Nakuomba radhi."

Basi yakatokea yale ambayo Dada alikuwa ameyaona maisha yake yote. Hasira ya Mhasibu, iliyokuwa imepikwa na baridi na giza na maumivu, ikayeyuka. Alisema hapana, hapana binti yangu, kila mtu hukosea. Mke akafuta macho. Mume akasema ni watu wachache siku hizi wanaokubali kosa hadharani. Mwandishi alikuwa na kalamu mkononi, anaandika, na uso wake ulikuwa umejaa mapenzi.

Baba peke yake hakuyeyuka. Mashavu yalimlegea, kisha akasema kwa shida, "Sheria unaijua. Kuanzia leo, dada yako mbele."

Ndivyo ilivyokuja. Hapakuwa na ngoma wala vigelegele. Dada aliichukua birika akaenda jikoni kuongeza maji, kwa sababu alihitaji kuwa mahali pasipo na watu. Kipusa akamfuata.

"Usiseme neno," Kipusa alinong'ona. "Nimeshamaliza."

"Kwa nini umesema uongo?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba uligonga na mtu yumo ndani? Baba angekufukuza kama alivyomfukuza ndugu yake. Mimi hatanifukuza, unajua mwenyewe. Atanuna, halafu basi." Alichukua kitambaa akaanza kufuta vikombe ambavyo havikuwa na maji. "Na mbele ulipataka. Unadhani sijui? Unachelewa kugonga, nasimama pale masikio yananikatika, najua dada yangu amekasirika leo. Basi chukua. Nimekupa."

Mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Angesema asante, au asingesema kitu, angelala, angeamka akiwa wa mbele. Dada alisimama na birika inayochemka, na neno moja tu lilikuwa likizunguka kichwani: nimekupa. Kitu alichokitamani tangu mabegani mwa Baba, mdogo wake alikuwa amekitoa kama mtu anavyotoa kiti kwenye foleni, na angetembea nyuma yake miaka yote akijua kwamba ndiye aliyekitoa. Isitoshe, hakuwa amepoteza chochote. Kule sebuleni kalamu ilikuwa ikiandika habari za kiongozi aliyekiri kosa lake. Hata kosa langu, Dada aliwaza, amelichukua akalivaa, na limemkaa vizuri kuliko mimi.

Aliweka birika mezani akarudi sebuleni.

Watu husema ukweli kwa sababu nyingi, na wengi hupenda tuamini kwamba ni dhamiri. Dada alisema wake kwa wivu.

"Kipusa alingoja," alisema. "Niligonga mimi. Mhasibu alikuwa ndani, sikuhesabu, nikagonga."

Baba alimgeukia. "Wewe? Kwa nini?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Wakimsifu," Dada alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Chumba kizima kilimwangalia. Hakuwahi kuangaliwa hivyo. Mume na Mke walikuwa wameshikana mikono. Mhasibu aliutazama mguu wake uliokuwa juu ya kigoda, kisha mikono ya Dada iliyoufunga bandeji, akauondoa mguu pale polepole. Mwandishi alifunika kalamu yake.

"Kipusa," Baba aliita. Kipusa alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Ni kweli?"

Kipusa alikikunja kitambaa cha vikombe.

"Nimekuuliza."

"Ni kweli, Baba."

"Kwa hiyo umenidanganya juu ya kugonga. Mbele ya wageni."

"Nilitaka kumsaidia."

"Nimesikia." Baba alijishika magoti kama mtu anayetaka kusimama, kisha akaacha. "Aliyegonga uongo hatatembea nyuma. Aliyenidanganya juu ya kugonga hatatembea mbele. Ndugu yangu sikumwonea haya, na ninyi sitawaonea. Wageni wa Jumamosi waambieni tumefunga."

"Wa Jumamosi tu?" Kipusa aliuliza.

"Tumefunga," Baba alisema.

Wageni waliondoka bila kupiga picha ya pamoja. Baba akajivuta chumbani kwake, akafunga mlango. Mabinti walibaki kwenye benchi mbele ya jiko, soksi zao zikitoa mvuke.

"Umefurahi sasa?" Kipusa alisema. "Nilikuwa nimeimaliza. Nilikuwa nimeipanga vizuri, kila mtu anapata chake. Huwezi kupewa kitu, wewe? Hata kimoja? Sasa tutakula nini, utawaburuzia wageni tawi humu sebuleni?"

Dada alitaka kusema kwamba hakufurahi, kwamba ukweli ulimshinda nguvu. Alijipekua ndani ili aseme hivyo bila kudanganya, na alichokikuta kilimtisha. Alikuwa na furaha. Haikuwa na sababu ya haki hata moja. Kazi ilikuwa imekufa, Baba amevunjika moyo, na yeye ndiye aliyevunja. Lakini wote wawili walikuwa kwenye benchi moja, hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma.

Kipusa alianza kulia. Hakulia kwa kupendeza. Pua ilivimba, kamasi zikatoka, nywele zikamshika shavuni, na kutoka kooni mwake ilikuja sauti ya kukwaruza ambayo Dada hakuwahi kuisikia. Dada alimtazama, akaona kwamba kwa mara ya kwanza anamwona mdogo wake hana lolote, na akampenda. Alimpenda sana, ghafla, bila kipingamizi, kama alivyokuwa akimpenda siku zile Kipusa hajajua kutembea. Akamvuta kifuani akamkumbatia, na wala haikumgharimu kitu.

Walikaa hivyo hadi kilio kikapungua kikawa kwikwi.

"Basi," Kipusa alisema kwenye bega lake, huku akipangusa pua kwa mkono. "Sina kinyongo, Dada. Umechoka tu. Najua ingekuwa mimi niliyegonga, nawe ungenisemea uongo."

Dada alijua asingemsemea. Alizidi kumkumbatia ili uso wake usionekane, na wivu ukamrudia.